Niliiambia Alamu Iseme Sawa, Mama Anzelani Akafukuzwa

Nimekosa, ndugu zangu. Naanzia hapo ili nisipate nafasi ya kujitetea, maana kazi hiyo naiweza sana.

Mimi ni mtu wa kompyuta hapa Kasongo. Mradi mmoja ulileta frigo za sola za kuhifadhia chanjo katika vituo vya afya kumi na vinne, kutoka hapa mpaka ndani kabisa ya Kabambare. Kila frigo ina kipimajoto kinachotuma habari kwenye seva za mbali, huko mtandaoni. Joto likipanda, alamu inalia kwenye simu yangu. Mradi ukaniajiri kuzichunga, nikaandika programu ndogo ya kuzungumza na seva hizo kupitia API, mlango wa programu kuulizana na programu: natuma ombi, alamu zipi zimewaka? Jibu linarudi papo hapo. Nilijiona mtu kweli!

Nilifika mpaka kwa Mama Anzelani (si jina lake), muuguzi wa kijiji kimoja nyuma ya Lusangi. Kila wiki alikuwa anampa mwendesha pikipiki kikaratasi chenye joto la frigo, akilete Kasongo. Nikamcheka.

"Mama, achana na hizi karatasi. Hata taa ya frigo ikizima, usihangaike. Miye kule Kasongo nitajua mbele yako."

Akaniamini. Akanipikia na bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo, nikala nikashiba.

Sasa, huku kwetu rezo, mtandao wa simu, ni ya kubahatisha. Rezo ikipotea, kipimajoto hakitumi kitu, na alamu inaingia hali ya "data haitoshi", nayo inalia vilevile. Simu yangu ililia msikitini. Ililia kwenye matanga ya jirani, watu wakanigeukia kwa macho makali. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni aibu. Walikuja wageni kutoka Kindu, nikawaonyesha ukurasa wangu ukutani, na frigo tisa zilikuwa na alama ya njano ya "data haitoshi". Mmoja akauliza, "Frigo zako zote ziko wagonjwa?" Chumba kizima kikacheka.

Siku hiyohiyo nilituma ombi moja kwa API, kwa alamu zote kumi na nne: data ikikosekana, ihesabiwe kwamba mambo ni sawa. Ukurasa wote ukawa kijani. Nikaupiga picha, nikawatumia wale wageni. Mjinga mimi!

Baada ya wiki chache, panya walikata waya wa sola kwa Mama Anzelani. Frigo ikazima. Kipimajoto kilikuwa kinatumia umeme uleule, nacho kikazima. Kwangu ikaandikwa: sawa.

Mama aliiona taa imezima. Akakumbuka maneno yangu, akaningoja. Kesho yake akaningoja tena. Siku ya sita, siku ya chanjo, wamama waliotembea kutoka machimbo ya dhahabu walikuwa wamejaa uani na watoto mgongoni. Akawarudisha makwao, akapanda pikipiki na sanduku la chanjo zilizoharibika, akaja Kasongo.

"Frigo ilizima, leo siku ya sita," aliwaambia wakubwa wa mradi.

Wakanigeukia mimi. "Uliza mashini."

Nikaomba historia ya alamu yake, mbele ya macho yao. Sawa. Sawa. Sawa. Siku zote sita, sawa! Nilijua sababu kabla hawajamaliza kusoma.

"Mama, juu ya nini unadanganya?" mkubwa mmoja akamuuliza.

"Miye sidanganye. Huyu ndugu iko hapa, mumuulize."

Akanitazama. Mimi nikatazama kibodi.

Wakaamua kwamba alizisahau chanjo nje ya frigo, kisha akatunga uongo. Wakamfukuza. Wengine walitaka afikishwe polisi, na hapo ndipo nikapata mdomo: "Mumusamehe tu, ni bahati mbaya." Bahati mbaya ya nani, sikusema! Jamani, roho ya mtu inaweza kuwa ndogo hivyo?

Alirudi kwa mama yake, huko mjini Nyangwe. Haikupita muda, mtu wa pikipiki akaniletea kifurushi cha samaki wa kukaushwa. Mama Anzelani ananishukuru kwa kumtetea! Nililia nikila wale samaki. Lakini nilikula.

Nikaendelea kunyamaza, mpaka muuguzi aliyechukua nafasi yake aliponipigia. "Wamama hawaleti tena watoto. Wanasema dawa ya hapa ni mbovu, Mama Anzelani aliiozesha." Watoto wangebaki bila chanjo, na jina la mama wa watu ndilo lilikuwa limegeuzwa kisingizio.

Nikaenda kwa wakubwa, nikaeleza kila kitu. Kazi yangu ikaishia palepale. Wakaandika barua ya kumsafisha, nikaipeleka Nyangwe mwenyewe. Nilimkuta anasafisha samaki. Nikamwambia yote nimesimama. Hakuacha kisu chake.

"Niliwaza mashini ndiyo ilikosea," akasema. "Kumbe ni weye."

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Barua iko hapa, wanakurudisha kazini."

"Sirudi. Na wale wamama, umewaambia?"

"Barua inasema..."

"Wale wamama hawasome barua ya wakubwa. Uende, usimame pale uani, useme na kinywa chako."

Nilienda siku ya chanjo. Walikuja wamama saba tu. Nikasema mbele yao: Mama Anzelani hakuharibu dawa, niliyeharibu ni mimi. Kisha mmoja, amembeba mtoto mwenye mafua, akauliza:

"Sasa utaturudishia Mama Anzelani?"

Nikamwambia mwenyewe amekataa kurudi. Akajifunga kitenge vizuri, akaondoka na mtoto wake. Wanne wakamfuata, kila mmoja na mtoto wake.

Ninyi mnaokaa mbele ya kompyuta mkilinda vitu vya watu walio mbali, nawaomba! Mkitengeneza alamu, msiifundishe kusema sawa wakati haijasikia kitu. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo, mtu huyo akiwa bado amesimama mbele yenu anawatazama. Mimi nilichelewa miezi miwili, na wale watoto watano hadi leo hawajachanjwa.