Vitunguu vya Nyamburi

Nyamburi wa Butiama alijulikana kwa sumu ya panya. Alichimba vitunguu vya porini, vile vyenye ganda jekundu, akavikausha, akavitwanga na kuvichanganya na unga wa mtama. Panya akionja, hafiki mbali. Ghala za pamba za Bunda zilimngoja kila msimu.

Kwao mmea ule uliogopwa na kupendwa. Hutoa maua meupe kabla ya jani hata moja, na watu walisema umeiona mvua ikiwa bado ziwani. Waliupanda mipakani mwa mashamba wakiamini mchawi hauvuki.

Mwaka wa arobaini na saba alipanda lori kwenda Bunda na kikapu cha vitunguu vibichi, kwa kuwa mwenye ghala mmoja alitaka kuona dawa ikitengenezwa. Sokoni alikiweka kando ya Masatu, muuza vitunguu vya kula, akaenda kunywa maji. Aliporudi, kikapu hakipo. Masatu akashtuka: Kudura, aliyetumwa kutoka nyumba ya arusi, alikuja mbio kuchukua kikapu alichoagiza, naye Masatu, akiwa na mteja mwingine, alimwonyesha kwa kidole tu. Kumbe amebeba kisicho chake. Vitunguu alivyoagiza vilikuwa vya pilau ya arusi ya Shani, binti wa Twalib fundi cherehani, kule Kabasa.

Nyamburi alikaza kanga akakimbia. Alipita katikati ya mbuzi wa mnada, akaruka mtaro, akaangusha ungo wa dagaa wa mtu bila kugeuka. Ngoma ilimwelekeza nyumba. Aliingia uani moja kwa moja, kifua kikimwaka.

Mwanaupe, mpishi mkuu, alikuwa ameinua sinia la vitunguu vilivyokatwa, mafuta yanachemka. Wenzake walikuwa wakishangaa kwamba leo hakuna aliyetoa chozi, ila mikono inawawasha.

“Mama, usimimine,” Nyamburi alisema. “Hiyo ni sumu. Mimi ndiye ninayeichimbaga.”

Mwanaupe alilitua sinia chini taratibu, akauliza kwa sauti ndogo kama kipande kimoja kinaweza kuua. Alikuwa ameonja, kikawa kichungu, akakitema. Nyamburi alimsukutulisha maji mara nyingi, akaketi naye akimshika mkono. Mwanaupe alitapika mara moja, midomo ikamwasha mpaka alasiri, kisha akasimama akadai mwiko wake.

Wakati huo sinia, visu na mbao vilikuwa vimeoshwa kwa majivu, na vile vipande vimefukiwa mbali. Masatu mwenyewe alileta vitunguu halali, akihema kuliko punda. Wanawake walivikata huku machozi yakiwatiririka, wakicheka, wakipiga vigelegele kwa kila chozi.

Nyamburi alitaka kuondoka kimyakimya, akihofu kuitwa mchawi. Twalib alimzuia mlangoni.

“Dada, huondoki kwangu na njaa.”

Akaketishwa karibu na bibi arusi. Alikuwa hajawahi kula pilau. Alikula sahani mbili.