Siku ya Jumanne Badala ya Ijumaa

Tulikuwa wanne katika ofisi ya vyumba viwili mjini Njombe, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wao. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza mifumo ya kompyuta. Mfumo mkubwa kuliko yote tuliutengeneza kwa ajili ya wasafirishaji wa Makambako wanaokwenda kubeba viazi vijijini. Msafirishaji akipanga siku ya lori kupita, mfumo uliwatumia wakulima ujumbe kwenye simu, nao wakachimba viazi na kuvisogeza barabarani.

Mkubwa wetu kwa umri alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Tandala, aliyefundisha hisabati sekondari kabla ya kujifunza kuandika programu peke yake. Tulimwita Mwalimu. Alikuja ofisini amevaa sweta mbili, msimu wa baridi na usio wa baridi, na kila alichokusudia kuandika kwenye kompyuta alikiandika kwanza kwa penseli kwenye daftari kubwa. Vijana wawili waliobaki walimcheka kidogo, lakini kazi yake haikuwa na makosa.

Kanuni nilizitunga mimi. Hakuna badiliko litakalowekwa hewani, wateja waanze kulitumia, kabla mtu wa pili hajalisoma mstari kwa mstari. Na kosa likitokea, ni la timu nzima, halina jina la mtu. Nilizisema siku ya kwanza nikiwa nimesimama, na nilijipenda nilivyozisema.

Asubuhi moja ya Jumatatu, mvua za masika zikiwa zimeshika, nilikuwa mlangoni na mkoba begani. Nilikuwa nawahi kikao Makambako. Mwalimu akanifuata.

"Dada, ile sehemu ya msafirishaji kubadili siku ya safari nimeimaliza. Ila kuna mahali sina uhakika napo. Naomba uisome kabla haijaenda."

Wasafirishaji walikuwa wameisubiri sehemu hiyo, nami nilitaka kuwaonyesha siku ileile. Nikamwambia, "Nimeshaiona, Mwalimu. Iko sawa. Iweke hewani."

Sikuwa nimeifungua.

Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya, kama umeiona." Akarudi kwenye kiti chake.

Mchana ule msafirishaji mmoja aliahirisha safari ya Matamba, kutoka Jumanne hadi Ijumaa. Mfumo ulipaswa kuwatumia wakulima siku mpya. Ukawatumia ile ya zamani. Jumanne alfajiri watu wa Matamba walibeba magunia hadi kando ya barabara, wengine kwa punda, wengine mgongoni. Wakasubiri. Mvua ikawanyeshea siku ile, na ya pili, na ya tatu. Malori yalipofika Ijumaa, sehemu kubwa ya viazi ilikuwa imelowa na kuanza kunuka. Mama mmoja alinipigia simu, namba yangu sijui aliipata wapi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, nyie huko mlikuwa mnatuona sisi ni watu gani?" Hakukata simu, wala mimi sikukata. Tulikaa hivyo, nikisikia kuku nyuma yake, mpaka salio lake likaisha.

Jumatatu iliyofuata tuliitwa Makambako. Nilikwenda na Mwalimu ili aeleze jambo lilivyotokea. Mwenyekiti wa wasafirishaji, mzee wa kanzu na koti, mtu mpole, alitukaribisha chai. Watu kama kumi walikuwa wameketi ukutani.

"Binti yangu," akasema, "sisi hatugombani. Tunataka kujua tu. Nani alifanya hivi?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema ni mimi, niliambiwa nisome sikusoma. Nikaangalia nyuso zile, nikasema, "Ni mzee wetu huyu. Bado anajifunza."

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini taratibu, akasimama, akasema, "Naombeni radhi, wazee. Nimekosa." Akaketi.

Njia nzima ya kurudi Njombe alitazama nje. Tulipokaribia mjini aliniambia jambo moja tu. "Dada, ulisema umeiona." Hakusema kwa hasira. Niliendelea kuendesha gari.

Alikaa nasi miezi miwili zaidi. Alifanya kazi yake, akasalimia kila mtu, lakini hakuniuliza tena chochote. Na vijana, habari za kikao zilipowafikia, nao wakaanza kunyamaza. Zamani mmoja wao angeita, "Jamani, nimeharibu huku, njooni mnisaidie." Sasa kila mtu aligeuza kioo cha kompyuta yake ukutani. Makosa yalifichwa mpaka wateja walipoyagundua wenyewe. Mwisho wa miezi hiyo miwili Mwalimu alileta barua ya kuacha kazi, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Ilinichukua karibu mwaka kwenda Tandala. Nilimkuta akipalilia njegere. Alinawa mikono, mkewe akatuletea chai, tukazungumza juu ya baridi na ubovu wa barabara. Mwishowe nikamwambia nilichokwenda kumwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hayo nilishakusamehe," akasema. "Ila siwezi kurudi. Nilizoea kusema sina uhakika pale ambapo sina. Ndiyo hisabati ilivyonifundisha. Tangu siku ile ya Makambako, kwako niliogopa kulisema."

Nikamuuliza kama anaandika programu hata kwa kujifurahisha.

"Hapana," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Asubuhi iliyofuata niliwaita vijana wawili ofisini, nikawaeleza kweli yote. Nilidhani watashtuka. Mmoja aliendelea kuangalia vidole vyake. Mwingine akasema, "Tulijua, dada. Mfumo wetu wa ofisini unaandika nani amefungua badiliko na saa ngapi. Tuliangalia wiki ileile. Jina lako halikuwepo."

"Mbona hamkusema?"

Akaniuliza, "Tungemwambia nani?"

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Tukakaa watatu, kiti cha nne kikiwa na boksi la nyaya juu yake. Kisha yule aliyekuwa kimya akavuta kompyuta yake, akaanza kazi, na mwenzake naye akafanya hivyo. Kabla mwaka haujaisha, wote wawili walikuwa wameondoka.