Namba ya Mama Shija

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, siku Mzee Nkwabi aliposhuka ngazi za ghorofa letu la Kambarage na kigoda mkononi, akakiweka mbele ya kisanduku cha nyaya za simu, akaketi kama mtu anayesubiri kuletewa chai. Nimeikumbuka juzi uliponiambia kwamba ninyi vijana mnaopanga kwenye jengo lile lile mmechoka na kampuni yenu ya intaneti, mnataka kuleta nyingine, na kwamba fundi anakuja Jumamosi kung'oa nyaya zote za zamani. Sikukujibu pale pale. Nilikuwa nasonga ugali, na jambo hili si la kusema mtu akiwa ameshika mwiko. Sasa nimeketi, na wewe keti.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimeolewa karibuni, na mdomo wangu ulikuwa unajulikana mtaa mzima. Wapangaji walinichagua kuwa katibu wao kwa sababu hiyo tu, wala si kwa hekima. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia mjini Shinyanga, lakini watu wengi wa jengo letu bado tulikuwa na simu za mezani, zile za waya ukutani. Na kampuni iliyotuletea ilikuwa ovyo, nisikufiche. Mvua ikinyesha kidogo tu, simu zinakufa. Unakwenda ofisini kwao kulalamika, wanakuambia fundi yuko njiani, na fundi huyo sijui njia yake ilikuwa inapitia wapi, maana hafiki. Kwa hiyo ilipokuja kampuni mpya ikisema itatuunganisha jengo zima, mimi ndiye niliyekuwa mbele kuikaribisha. Hadi leo nasema ilikuwa sawa kuhama. Hakuna sababu ya kumvumilia mtu anayekuhudumia vibaya eti kwa kuwa umemzoea.

Lakini chini kabisa, mlango wa kwanza ukiingia, alikuwa anakaa Mama Shija. Alikuwa mjane, Msukuma wa kule Maswa, anauza michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa unavyovipenda wewe. Simu yake aliiweka juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kila asubuhi kabla ya kutoka aliinua mkono wa simu, akasikiliza ule mlio wa kuonyesha kwamba laini iko hai, akarudisha taratibu, ndipo akabeba beseni lake. Sisi tulikuwa tunamcheka. Tulikuwa hatujui uchungu wa kusubiri.

Alikuwa anamsubiri mwanawe, Shija. Kijana alikuwa ameondoka kwenda kutafuta dhahabu Geita. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kutoka Katoro, kwenye vibanda vya simu, anasalimia, anasema anaendelea vizuri. Halafu akanyamaza. Mama yake alikwenda mpaka Katoro na picha yake. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana watu wa mjini hawalijui hili. Machimboni mtu hatumii jina la kwao. Siku anapofika, wenzake wanampa jina, kwa sababu ya kofia aliyovaa, au kwa namna anavyotembea, na hilo ndilo linabaki. Ukiulizia Shija mwana wa fulani, watu wanakutazama tu, ingawa labda wamekula naye asubuhi hiyo. Tena hawakai mahali pamoja. Ikitokea rashi, yaani dhahabu imeonekana mahali pengine, kambi nzima inahamia huko. Mama Shija alizunguka, akarudi bila kitu. Hakuwa na njia ya kumpata mwanawe. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kwamba mwana mwenyewe aikumbuke namba ya nyumbani, ile aliyoishika kichwani tangu akiwa shule ya msingi.

Basi, afisa wa kampuni mpya akaja, kijana nadhifu, viatu vinang'aa mpaka unaona aibu na vya kwako. Tukakusanyika pale chini ya ngazi. Akaeleza kwamba kila mtu atapata namba mpya, na kwamba kesho yake asubuhi mafundi wake watakuja kusafisha kisanduku, waondoe laini zote za zamani, wafunge zao. Ni jengo zima au hakuna kazi, ndivyo alivyosema. Watu wakapiga makofi. Makofi yalipoisha, Mama Shija akauliza kutoka nyuma, "Na anayeijua hii namba yangu ya sasa?"

"Utampa hiyo mpya, mama."

"Nitampaje, nami sijui alipo?"

Halafu mtu mmoja, simtaji kwa kuwa ameshatangulia mbele ya haki, akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba huyo kijana pengine hata hayuko duniani. Mwanangu, nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuiona tena. Nilimkoromea yule jirani, nikamgeukia afisa, nikampa maneno ya kila rangi, kidole karibu kimguse pua. Yeye akatabasamu. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kuonekana mtu mwenye akili, na mimi mwendawazimu. "Dada, tulia kwanza," akasema, akaaga watu kwa heshima na kuondoka. Hakuna kilichobadilika. Mafundi walikuwa bado wanakuja kesho.

Mzee Nkwabi aliniita jioni ile. Alikuwa jirani yangu wa juu, mstaafu wa reli, maisha yake yote ya kazi aliyamaliza Isaka kwenye mizigo. Nilidhani ananiita kunipongeza.

"Leo umemsaidia nani, binti?"

"Nimemtetea Mama Shija, mzee."

"Umepiga kelele. Sasa kelele zimekwisha, na kesho waya wake unakatwa. Amebaki na nini?"

Machozi yalinitoka, ya hasira hasa. Akaniacha nilie, wala hakunibembeleza, halafu akaniambia maneno ambayo nimeyatumia maisha yangu yote. Alisema ukikataa jambo huku umesimama unafoka, watu wanangoja tu uchoke uende zako. "Wewe kataa ukiwa umeketi. Mtu aliyeketi haonekani ana safari." Kisha akasema Isaka hawakuwahi kung'oa reli ya zamani kabla behewa halijapita salama kwenye reli mpya. Akaniagiza nimpigie mwenye nyumba nimuulize nyaya zilizo ndani ya kuta ni za nani. Hilo sisi sote tulikuwa hatujawahi kuuliza. Tulidhani ni za kampuni ya simu.

Mwenye nyumba alikuwa anaishi Kahama. Nikampigia. Akashangaa swali lenyewe. Akasema nyaya za nje mpaka kwenye kisanduku ni za kampuni, lakini kutoka kisandukuni kwenda kwenye kila nyumba ni zake, alizinunua mwenyewe wakati wa kujenga, na hamruhusu mtu yeyote kuzigusa bila idhini ya anayeishi humo. Mimi nikachukua bisibisi ya mume wangu, nikafungua kile kidude cha ukutani mahali simu inapochomekwa. Ndani niliona nyaya nyembamba nne za rangi tofauti. Mbili zimefungwa, mbili zinaning'inia tu, hazina kazi. Nikaenda kwa Mama Shija, nikafungua na chake. Hivyo hivyo. Nilibaki nimechuchumaa pale sakafuni nacheka peke yangu, mpaka akaniuliza kama nina homa.

Asubuhi ndipo Mzee Nkwabi aliposhuka na kigoda chake. Mimi nikaleta changu. Mama Shija akaleta chake na beseni la michembe, tukaketi watatu mbele ya kisanduku tukitafuna. Afisa akaingia na fundi wake, mkononi ana simu, hana salamu.

"Wazee, tupisheni tufanye kazi."

"Marahaba," akajibu Mzee Nkwabi.

Yule kijana akaona haya. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu michembe."

Nikasema mimi, na siku hiyo sauti yangu ilikuwa ya chini mpaka mwenyewe nikajishangaa. Nilimweleza maneno ya mwenye nyumba. Nikamweleza kwamba kila nyumba ina nyaya mbili zisizotumika, afunge laini yake kwenye hizo, na ile ya zamani ikae kwenye zake, mpaka kila mwenye simu aseme mwenyewe kwamba sasa ikatwe. Fundi akaitikia kwa kichwa kwamba inawezekana. Afisa akasema agizo alilopewa ni kuondoa kila kitu. Nikarudia maneno yale yale. Akasema basi wanaondoka, tubaki na simu zetu mbovu.

Hapo ndipo pagumu palipokuwa, na nataka upajue. Ugumu haukuwa kwa afisa. Ulikuwa kwa majirani zetu. Walitoka kwenye milango yao, wakatuzunguka, wakaanza kulaumu. Jengo zima likose huduma kwa ajili ya mtu mmoja! Wengine walikuwa rafiki zangu, tumeazimana chumvi. Mama Shija mwenyewe akainuka, akasema, "Wabeja, mayu, inatosha. Waacheni wakate." Alikuwa anatushukuru kwa Kisukuma huku midomo inamtetemeka. Mzee Nkwabi akamshika kanga, akamrudisha kwenye kigoda chake. Mimi nikakishika kigoda changu kwa mikono miwili nisije nikainuka. Nikamtazama afisa nikamwambia, "Nendeni salama. Mkikubali kufunga kwenye zile zisizotumika, mtatukuta hapa hapa."

Wakatoka kweli. Tukabaki pale. Jua likapanda, joto la Shinyanga unalijua, michembe ikaisha, majirani wakachoka kutulaumu wakarudi ndani kupika. Hatukuondoka. Mchana afisa alirudi peke yake, jasho linamtiririka, tai imelegea, akasema wakubwa wake wamekubali. Sidhani kama walituonea huruma. Nadhani walipiga hesabu ya jengo zima wakaona ni upumbavu kulikosa kwa sababu ya nyaya mbili. Lolote lililowasukuma, fundi alifunga laini mpya kila nyumba, na ile ya zamani haikuguswa.

Majirani walininunia kwa muda. Halafu simu mpya zikawa zinasikika vizuri, wakasahau. Mmoja mmoja walikwenda kukatisha laini zao za zamani kwa hiari yao, mimi pia, mpaka ikabaki moja tu jengo zima. Mama Shija aliendelea kuinua simu kila asubuhi na kusikiliza.

Masika yakapita. Mchana mmoja nilikuwa sebuleni kwake tunachambua viazi, simu ikalia. Aliruka kama msichana. Mtu aliyekuwa anaongea upande wa pili alikuwa na sauti kubwa, hata mimi nilimsikia. Alisema anapiga kutoka hospitali, huko Geita. Wana kijana aliyeangukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la wachimbaji. Wenzake wanamwita Sindano, hawajui kwao wala ukoo wake. Amezinduka leo, hasemi kitu kingine, anataja namba hii tu. Je, hapo wanamfahamu Sindano?

Nilingoja apige yowe. Hakupiga. Alisimama wima, akaweka mkono kifuani, akasema polepole kama anayemwandikisha mtoto shule:

"Sindano simjui. Huyo anaitwa Shija. Mimi ni Mama Shija. Mwambieni mama yake anakuja."

Tuliondoka siku ile ile, yeye na mimi na Mzee Nkwabi. Shija alipona. Mguu mmoja haukurudi kama zamani, lakini alimzika mama yake kwa mikono yake mwenyewe alipofariki kwa uzee, na hiyo ni baraka ambayo wazazi wengi wa watoto waliopotelea machimboni hawakuipata.

Sasa nakuambia, mwanangu. Hameni. Kampuni ikiwatesa iacheni, sitaki kusikia mmekaa na huduma mbovu kwa woga. Lakini kabla ya Jumamosi gonga kila mlango wa jengo lile, hata wa yule mnayemwona mkorofi, uulize nani anategemea laini ya zamani na kwa jambo gani. Huenda mmoja ana mgonjwa, mwingine ana mzazi kijijini anayejua namba moja tu. Muulizeni mwenye nyumba nyaya ni za nani. Mpya ifanye kazi kwanza, muisikie kwa masikio yenu, ndipo ya zamani ikatwe, na aikate mwenye nayo. Na wakikuambia jengo zima haliwezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja, usifoke kama nilivyofoka mimi. Chukua kigoda. Utatetemeka, ni kawaida, hakuna aliyekufa kwa kutetemeka. Usiinuke tu.

Mungu akupe sauti ya chini na moyo usiorudi nyuma. Akupe majirani watakaoketi nawe. Na ikitokea siku umelala mahali ambapo hakuna anayelijua jina lako, akujalie namba moja ya kutaja, na upande wa pili awepo mtu wa kuipokea. Amina.