Mama Mkwe Kwenye Keria

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa tatu, mama yake alikuja kumuuguza, na ujio wake ulinifukuza nyumbani kwangu mwenyewe. Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali mahali pamoja. Nikawa nakula kwa jirani, na kila nikitaka kuingia uani nakohoa kwanza ili mama apate kujificha. Nilikohoa siku zile mpaka watu wakadhani nina kifua kikuu.

Ilikuwa miaka ya sabini, kiangazi, msimu wa kuuza pamba. Wanaume wa kitongoji walikuwa wamekwenda kwenye kituo cha kununulia. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala la mtama namalizia kuziba pancha ya baiskeli yangu, nikasikia chungu kinapasuka jikoni, kisha mke wangu akapiga yowe. Maji ya kumkanda mzazi, yaliyokuwa yanatokota, yalikuwa yamemmwagikia mama kuanzia mapajani hadi nyayoni.

Nilikuwa nimepitia mgambo, na huko tulifundishwa huduma ya kwanza. La kufanya nilijua. Kuingia ndiko sikuweza. Nikasimama nyuma ya ghala nikimwamuru mke wangu: mmwagie maji ya mtungini, usiache, mvue khanga iliyolowa kama haijagandamana na ngozi. Jirani yetu, mama wa makamo, akafika mbio na kibuyu cha samli. Nikamfokea kwamba akimpaka hiyo samli atazidi kumuunguza.

"Kama unajua sana, shemeji, ingia umtibu mwenyewe," akanijibu.

Aliniweza. Samli hakuipaka, lakini maji yalikwisha upesi, maana kiangazi tunayafuata mbali na mtungi ulikuwa nusu.

Zahanati ilikuwa Tinde, na baiskeli pekee iliyobaki kitongojini ilikuwa yangu. Mke wangu mwenyewe alikuwa hajapata nguvu za kusimama vizuri. Nikasema nitampeleka mama. Akakataa, tena hakuniambia mimi, alimwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mumeo, mimi sipandi baiskeli ya mkwe. Kama ni kufa, nitafia hapa hapa."

Nilikasirika. Niliikasirikia desturi, nikamkasirikia na yeye, na chini ya hasira ile nilikuwa naogopa, kwa kuwa pale mgambo tuliambiwa kwamba aliyeungua sehemu kubwa anaweza kuishiwa maji mwilini akafa huku bado anaongea vizuri. Mke wangu alilia, akamsihi mama yake kwa ajili ya kile kichanga. Hapo ndipo alipolegea.

Jirani alimfunika miguu kwa shuka safi, akamfunika na kichwa kwa kitenge, akamkalisha kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa. Masharti yalikuwa kwamba nisigeuke wala nisimsemeshe. Yeye angekuwa anagonga kiti changu kwa kidole ili nijue yu hai.

Sehemu yote ya mwanzo ya njia aligonga. Tulipokaribia barabara kuu akaacha. Niliendelea kidogo nikijidanganya kwamba kidole kimechoka, kisha nikasimama, nikageuka. Kitenge kilikuwa kimeanguka mabegani. Niliuona uso wake kwa mara ya kwanza tangu nioe, uso ule ule wa mke wangu, macho yamefumbwa nusu, anainama upande. Nikamdaka. Nikamwegemeza mgongoni kwangu, nikatufunga wote wawili kwa kile kitenge kama mama na mwana, nikakanyaga pedali.

Akaniambia sikioni, polepole: "Nenda, mwanangu. Usisimame tena."

Mganga wa zahanati alimtundikia dripu, akasema tumemuwahi. Alipona, ila goti moja lilikaza, akawa anatembea kwa kuburuta mguu.

Alipopata nafuu alirudi kwao, na desturi nayo ikarudi mahali pake. Sikuisikia tena sauti yake ikinisemesha. Tukikutana njiani aliacha njia kwenda kujificha vichakani, kama zamani, ila sasa kuvifikia kulimchukua muda. Mimi nilikuwa nashuka, nageuka kutazama nilikotoka, na nasubiri hapo juani na baiskeli yangu mpaka nisikie ule mguu umeacha kuburuta.