Mkutano Uliojifuta

Maimuna Bushiri aliuza masufuria Mtaa wa Kongo, Kariakoo, tangu usichana wake, na hakuwahi kuwa na siri kubwa kuliko bei aliyonunulia mzigo. Kisha zikavuma habari kwamba wanaouza pembezoni mwa barabara watahamishwa. Wakapanga kwenye grupu lao la simu wakutane Mnazi Mmoja wajadili. Walipofika, wakakuta askari wameshakaa kwenye nyasi wanawasubiri.

Ndipo Polycarp, fundi simu wa jirani, akawaletea programu nyingine. "Hii hata walioitengeneza hawawezi kusoma," alisema. "Ujumbe unafungwa kwenye simu yako, unafunguka kwenye ya mwenzako tu. Na ukishasomwa, unajifuta."

Kila mtu akajipa jina la mboga. Maimuna akawa Bamia.

Siku ya mkutano mpya, ujumbe wa kutaja mahali uliingia Maimuna akibishana na mteja juu ya kifuniko. Akausoma, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kifuniko. Alipofunga biashara, ujumbe haukuwepo, na kichwani hamkuwa na kitu. Akaandika, "Ni wapi?" Mchicha naye akauliza ni wapi. Hata Nyanya Chungu, yaani Polycarp aliyetuma ujumbe wenyewe, hakuwa na uhakika. Kwa ajili ya usalama alikuwa amebadilisha mahali mara kadhaa.

Maimuna akazunguka Kariakoo nzima akiutafuta mkutano wake mwenyewe, mpaka akamkuta Shukuru, muuza soksi mpole aliyeanza biashara pale juzijuzi, amekaa ndani ya bajaji.

"Shikamoo mama. Panda twende. Ni Magomeni, kwa Bi Ummy, baada ya alasiri."

"Marahaba," akajibu akipanda. "Wewe umekumbukaje?"

Shukuru akatoa simu ya pili. Ndani yake mlikuwa na picha za kioo cha simu ya kwanza, ujumbe mmoja baada ya mwingine, tangu grupu lianze.

"Unazipiga za nini?"

"Natakiwa kuzipeleka kazini," alisema akitazama chini. "Sio kwenye soksi. Kazini."

Maimuna akamgeukia. "Kwa hiyo ninyi askari mmevunja kufuli la ile programu?"

"Hapana mama, kufuli ni zima kabisa. Polycarp ndiye aliyeniunga kwenye grupu."

Maimuna alitaka kushuka. Lakini bila mtu huyu, hakuna ambaye angefika. "Basi waite na wengine," akamwambia.

Sebuleni kwa Bi Ummy, Maimuna alipowaeleza kazi ya Shukuru, wapo waliotaka atolewe nje. Wengine wakauliza, akitoka, nani atawasomea walichokubaliana kwenye grupu wiki iliyopita? Akabaki. Akaomba tu waongee mmojammoja, asipitwe. Wakaongea mmojammoja, jambo ambalo hawakuwahi kuliweza: hawakatai kuhama, ila waoneshwe kwanza wanakopelekwa.

Wiki iliyofuata maofisa walifika mezani kwa Maimuna, wakamuuliza maoni yake, swali kwa swali, kwa mpangilio uleule wa sebuleni. Akajibu yote taratibu, kama mtu anayeyafikiria papo hapo, huku akimfungia mmoja wao sufuria la kupikia wali.