Kituo cha Hapaitwi

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Mawasiliano alininyang'anya maiki mkononi.

"Binti, umeongea kabla hujabonyeza, kwa hiyo umejisemea mwenyewe," alisema. "Bonyeza, sema, achia, sikiliza. Na hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe."

Nilikuwa nimetoka shuleni juzi tu, nimevaa gauni la kushonewa na shangazi, najiona msomi. Nikanywea. Ofisi ilikuwa Morogoro mjini, chumba kimoja nyuma ya karakana ya magari. Mezani palikuwa na redio kol, yaani redio ya kupokea na kurusha sauti, inayokula betri ya gari. Waya wa antena ulitoka dirishani hadi kwenye mti wa mjohoro. Ninyi wa simu za kiganjani mtacheka, lakini kwa chombo kile niliongea na watu waliokuwa porini mwendo wa siku mbili. Ukimaliza kusema unatamka "ova", ili mwenzako ajue ni zamu yake. Bila ova mnakanyagana maneno, hamsikilizani.

Kanuni zilikuwa mbili. Kwanza, kituo huitwa kwa jina la kituo, kamwe si kwa jina la mtu. Pili, ukiitwa unaitika, hata kama unakunywa chai. Ya pili niliishika vizuri sana. Ya kwanza niliivunja, na mengine yote yalianzia hapo.

Nchi yetu ilikuwa bado changa. Taa za umeme zilikuwa za mjini, tena mitaa michache. Wakubwa walisema maji ya Uluguru ndiyo mafuta yetu, maana gesi ya kusini ilikuwa haijazungumzwa na watu wa kawaida kama sisi. Nchi moja rafiki, ya huko kwenye baridi, ikakubali kutuletea wataalamu wa kupima mito ili ijengwe mitambo ya umeme. Mji haukushangaa wageni. Mazimbu tayari kulikuwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, tulishawazoea sokoni. Aliyewaongoza wataalamu tulimwita Mhandisi Mkuu. Alijifunza Kiswahili vitabuni, akawa anasema "tafadhali" hata kwa mbwa.

Nikahamishiwa kambi ya Mkuyuni, barabara ya Matombo. Juu yetu, mwendo wa saa tano kwa miguu, ndani ya msitu, kilifunguliwa kituo cha kupimia mto. Mpimaji wake alikuwa Shabani, kijana wa mjini, mcheshi, mwenye madoido ya kuvaa kofia pembeni. Kazi yake ilikuwa kusoma ubao wenye alama uliosimikwa majini, mara tatu kwa siku, na kunitajia kina cha maji. Barua ya posa yake ilikuwa imeshafika kwa baba yangu, na imejibiwa vizuri. Sasa mnaelewa kwa nini nilivunja kanuni.

Siku ya kufungua kituo nilimuuliza kwa redio, "Hapo panaitwaje, niandike kwenye orodha? Ova."

Nikamsikia akimuuliza mtu. Alikuwa bibi mmoja mkulima, ambaye ukoo wake ndio wenye kilima kile. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Bibi akajibu neno moja.

"Anasema hapaitwi," Shabani akaniambia, anacheka. "Pako tu, hapana jina. Ova."

"Basi ndilo jina lenyewe," nikasema. Nikaandika kwa herufi kubwa: HAPAITWI. Tukacheka wote wawili. Mhandisi Mkuu akalinakili kwenye ramani, ramani ikaenda Dar es Salaam, na jina likaingizwa kwenye rasimu ya mkataba wa nchi mbili. Kila siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, nikawa naita, "Hapaitwi, Hapaitwi, Mkuyuni hapa, unanipata? Ova." Tulipomaliza vipimo nikawa naongeza la kwangu: "Shabani, umekula? Ova."

Wiki ya tatu, Shabani ameshafunga mazungumzo, bado nimekaa naandika daftari. Redio ikakwaruza. Sauti ya mwanamke ikasema, taratibu, "Shabani, umekula? Ova."

Ilikuwa sauti yangu. Hata kile kikohozi kidogo ninachokuwa nacho wakati wa ukungu kilikuwemo.

Nilimpigia Mkuu wa Mawasiliano kule mjini, nikamwambia nadhani kuna mwangwi. Akanijibu: "Redio haina mwangwi, binti. Ukisikia sauti, ujue kuna aliyebonyeza." Nikajichekesha. Kwa Shabani sikusema kitu. Niliogopa ataniona mwoga, na hilo najilaumu mpaka leo.

Siku ya nne baadaye, asubuhi, Hapaitwi hakuitika. Niliita mpaka koo likakauka. Nikaita jina la kituo, nikaita Shabani, Shabani, Shabani, kanuni yote chini. Mpishi wa kituo alikuwa ameshuka kwetu kuchukua unga. Akapanda mbio, na saa saba mchana akanipata kwa redio ya kule juu, anahema.

"Dada Zuhura, hayupo. Chai iko mekoni, imekauka. Redio nimeikuta inawaka. Daftari la vipimo liko wazi, ameandika jambo."

"Soma. Ova."

"Ameandika: 'Zuhura amefika. Ananiita huko mtoni. Nashuka kumpokea.' Dada, wewe si uko Mkuyuni?"

Nilikuwa Mkuyuni, nimekaa kwenye stuli ile ile tangu alfajiri.

Mhandisi Mkuu, aliyekuwa kambini siku hiyo, akatuma watu msituni, kisha akaniamuru nimwite Shabani kila baada ya dakika tano, ili kama yu karibu na kituo asikie spika; ndio utaratibu wa mtu akipotea. Nikaanza. Sijamaliza saa moja, yule bibi wa kilimani akaingia kambini, matope mpaka magotini. Mpishi alipokuwa akipanda alimpitia shambani na habari, naye bibi akashuka mwenyewe. Nikasimama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ni wewe unayeita?"

"Ni mimi, bibi."

"Mjukuu wangu, nilimwambia mwenzio hapaitwi. Kama tunavyosema hapalimwi, hapapitwi. Pale mtu hatajwi jina lake. Sisi tukiwa pale tunaitana kwa kupiga makofi. Ukitamka jina, lipo linalolichukua, nalo linajifunza kuita." Akaitazama redio. "Nanyi mmelifanya ndilo jina! Mnalipigia kelele kutwa mara tatu. Nyamaza sasa. Usimwite tena."

Nilihisi aibu inanipanda hadi masikioni. Neno la onyo, nami nimeliandika kwa herufi kubwa.

"Endelea kuita, tafadhali," Mhandisi Mkuu akasema mlangoni. "Huu ni utaratibu. Mtu akifa kwa sababu hatukuita, ni kosa letu."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko siku zote. Nikimtii mkubwa na bibi akawa mkweli, nazidi kumpoteza Shabani. Nikimtii bibi na ikawa ni maneno matupu, Shabani anakufa huko akisubiri sauti yangu, na kazi yenyewe nafukuzwa. Nikaweka maiki mezani.

"Siiti," nikasema.

"Ni amri."

"Nifukuze. Siiti."

Hakunifukuza. Alikaa kwenye kreti, akashika kichwa. Bibi akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. Tukakaa hivyo watatu, redio ikiwa wazi, hakuna anayegusa kitu. Jua likaanza kupotea nyuma ya mlima, ukungu ukateremka mpaka kwenye mapaa ya Mkuyuni. Nililia kimyakimya, sioni haya kusema.

Kabla ya magharibi redio ikalia tiki, ile sauti ya mtu anapobonyeza. Ikakaa bila neno. Kisha sauti yangu ikasema, "Mkuyuni, Mkuyuni, Hapaitwi hapa. Unanipata? Ova."

Sikujibu.

"Zuhura," ikasema. "Zuhura. Unanipata? Ova."

Ninyi hamjui maana ya kuitwa kwa redio ukiwa opereta. Mkono unaondoka wenyewe. Nikauma pindo la kanga. Mhandisi Mkuu, uso mweupe pe, akanyoosha mkono kuchukua maiki, nikamchapa kofi mkononi, mimi mfanyakazi wa daraja la chini, nikamchapa. Sauti ikaita tena, sasa inabembeleza, kisha inalia, kilio changu kabisa, kile nilichokilia muda ule ule bila kutoa sauti. Bibi akapiga makofi mara tatu, polepole. Ikakatika. Yakabaki mawimbi tu.

Shabani aliingia kambini asubuhi, peku, ameloa, kofia hana. Sikumwita. Nilimkimbilia nikamshika mikono yote miwili, hata bibi akageuka ukutani kwa heshima. Alipokunywa uji ndipo akasema. "Ulikuwa mbele yangu kila saa, hatua chache tu, sikuoni. Jioni ukaacha kuniita, ukaanza kujiita mwenyewe. Hukujijibu. Palipokuwa kimya nikaiona njia."

Mhandisi Mkuu hakuandika ripoti ya maneno mengi. Alisogeza mahali pa mtambo chini kabisa ya mto, nje ya ardhi ya bibi, na jina likafutwa kwenye rasimu kabla wakubwa wa nchi mbili hawajatia saini. Siku ya kuondoka aliniambia, "Kwetu yapo maziwa ambayo hatupigi mluzi tukipita kando yake. Nilisahau." Nami nikamwomba radhi kwa lile kofi.

Baada ya hapo nilipelekwa Dodoma, kisha makao makuu, nikafanya kazi chini ya Wakurugenzi watano. Kompyuta zikaja, gesi ikaja, wakaja wataalamu wa mataifa mengine, na kwa kila ramani mpya nikawa mtu wa kuudhi: "Jina hili mmeuliza nani? Alijibu nini, neno kwa neno?" Vijana walininung'unikia. Nikastaafu hivyo hivyo, mkorofi.

Shabani tulioana. Watu husema nina adabu za kizamani kwa sababu simwiti mume wangu kwa jina; namwita Baba Rehema, na akiwa mbali nampigia makofi. Nimewaacha waamini hivyo.

Sasa tunaishi Kingolwira, tambarare, mbali na msitu, naye masikio yamepungua. Mwezi uliopita, baada ya adhuhuri, nilikuwa jikoni nachambua mchele, sijafungua mdomo. Nikamsikia anaitika, "Naam!" Nikatoka. Alikuwa ameshafika getini, amevaa viatu, ameshika komeo, anautazama mlima.

"Unakwenda wapi, Baba Rehema?"

Akageuka, ananitazama mimi, kisha mlima. "Si umeniita? Nani ameniita, ni wewe?"

"Ndiyo, ni mimi," nikamdanganya. "Nimekuita huku ndani. Njoo."

Akaliachia komeo, akaja.