Dada na Mke Mwenza Mwenye Mkia

Dada yangu, fundi cherehani, alikuwa na mke mwenza mwenye mkia. Maneno ni yake mwenyewe, na hakuwa anatania. Shemeji, mlinzi wa yadi ya mbao, akirudi asubuhi alianza kumsalimia Malkia, mbwa wao jike, ndipo amkumbuke mkewe. Lakini kilichomchoma dada ni kingine. Yeye hajawahi kubeba mimba, na Malkia kila mwaka anazaa chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, huku shemeji amepiga magoti akipangusa vitoto kwa shati lake. Siku hizo chakula hakikumpita dada kooni kwa wivu.

Daktari wa mifugo alipotangaza kuwafunga mbwa uzazi bure, dada akageuka mtaalamu.

"Watoto wake wanaishia jalalani," alimwambia mumewe. "Na akifungwa, haugui usaha wa kizazi."

"Atanenepa."

"Kwani wewe hujanenepa?"

Shemeji alikubali shingo upande. Mimi na dada ndio tuliompeleka.

Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema faida zipo: usaha unaepukika, na uvimbe wa matiti hupungua mbwa akifungwa mapema. Hasara nazo zipo: uzito, na wengine huvuja mkojo uzeeni. Ama wingi wa mbwa mtaani, kumfunga mmoja hakusaidii kitu. Wafungwe wengi, tena bila kuacha. Dada aliitikia kila neno, hamu yake ni kisu tu.

Kisha daktari akampapasa Malkia tumbo, akarudia tena.

"Ana mimba. Naweza kumfunga leo, mimba itoke. Au azae kwanza. Amua wewe, mama."

Hilo "mama" lilimpata dada. Nilimwona akilimeza. Malkia, pale mezani, akamlamba kiganja.

"Azae kwanza," dada alisema. "Halafu nitamleta, na majike yote ya mtaani nitayaburuta mwenyewe."

Tukarudi na Malkia nyumbani. Shemeji alitupokea mlangoni akiuliza imekuwaje. Dada akampita, akainama chini ya meza yake, akaanza kutandika mabaki ya vitambaa, laini juu, magumu chini. Malkia alikuja kunusa.

"Usinizoee," dada alimwambia. "Bado nakuonea wivu."